Kuwekwa contrib si kunyimwa uhuru

Juzi tena kijana mmoja ananiambia, "Kaka, nvidia-settings si programu huria. Angalia, Debian wenyewe wameiweka contrib." Nimejibu hoja hii kwa mdomo mpaka nimechoka, sasa naiandika. Debian, mfumo endeshi wa Linux, huweka vifurushi vyake vya programu katika mafungu: main la zilizo huria, non-free la zisizo huria, na contrib ninalolieleza hapa.

nvidia-settings, programu ya kurekebisha mipangilio ya kadi za picha za Nvidia, ina leseni ya GPL, moja ya leseni za programu huria. Msimbo wake upo, unausoma, unaubadili, unaugawa. Ni huria, kwisha. Imewekwa contrib kwa sababu nyingine kabisa: bila draiva ya Nvidia iliyofungwa, yaani isiyo huria, haina cha kurekebisha.

Sera ya Debian inauliza maswali mawili, watu wanayafanya moja. La leseni: kifurushi kikifeli hapo, kinakwenda non-free. La utegemezi: kifurushi ni huria, lakini je, ili kijengwe au kifanye kazi kinahitaji kitu kilicho nje ya main? Kama ndiyo, ni contrib. Mtu ana hati halali ya shamba, ila njia pekee ya kulifikia inapita kwa jirani. Hati haibatiliki, lakini mnunuzi lazima aambiwe habari ya njia. Contrib ndiyo hiyo habari ya njia.

Ugumu uko kwenye neno "kinahitaji". Chukua ndiswrapper, inayopakia draiva za Windows ndani ya Linux, hasa za waifai. Leseni yake ni GPL. Mwaka 2006 suala lake lilifika kwenye kamati ya kiufundi ya Debian. Waliotaka ibaki main walisema ipo draiva huria ya Windows, ya CIPE (programu ya VPN), inayoweza kupakiwa nayo, kwa hiyo haihitaji kilichofungwa. Kwa herufi za sera, wana hoja. Lakini mimi nimeisakinisha kwenye mashine nyingi na sijakutana hata na mtu mmoja aliyeitaka kwa ajili ya CIPE. Keneli, kiini cha Linux, nayo haikusubiri mjadala: ikipakia moduli yenye jina hilo hujitia alama ya P, ile ile ya moduli zilizofungwa, kwa sababu ya mzigo utakaobebwa.

Kipimo changu ni hiki: ondoa kila kilichofungwa, kisha uliza nani bado ana sababu ya kuisakinisha. Wine, inayoendesha programu za Windows kwenye Linux, inapita, maana programu huria za Windows ni nyingi na watu wanazitumia. nvidia-settings haipiti. ndiswrapper kwangu haipiti pia.

Sasa niseme kinachonisumbua. Nimewahi kuletewa MacBook Pro ya mtumba, ya mwaka 2011, waifai haishiki. Amri ya lspci -nn, inayoorodhesha vifaa, inaonyesha kadi ya waifai ni 14e4:4331, yaani ya Broadcom. Kwenye dmesg, yaani ujumbe wa keneli, kuna mstari huu: b43/ucode29_mimo.fw not found. Draiva ya kadi hiyo, b43, iko ndani ya keneli, na keneli iko main. Kwa kadi ile, bila programu dhibiti (firmware) ya Broadcom, inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe, b43 haioni mtandao hata mmoja. Lakini firmware-b43-installer, skripti inayoishusha programu dhibiti hiyo, iko contrib. Uhitaji ni ule ule, mafungu mawili!

Jibu la kawaida ni kwamba keneli ni kifurushi kimoja, na sehemu zake nyingine zinafanya kazi bila hiyo. Halinitoshi. Maana yake, ukiichomoa b43 ukaifanya kifurushi chake peke yake, ingebidi ihamie contrib bila mstari wa msimbo kubadilika. Hapo tunapima ukubwa wa boksi, hatupimi utegemezi, na sijaona sera ikilikabili hili waziwazi.

Kura ya Debian ya mwaka 2022 kuhusu programu dhibiti zisizo huria ilileta nafuu: Debian 12, iliyotoka Juni 2023, ina fungu la non-free-firmware, na kisakinishi kinakuja na programu dhibiti zake. Ya b43 haimo, kwa kuwa hakuna ruhusa ya kuisambaza. Kwa hiyo mwenye kadi ile ataunga simu kwa waya wa USB apate intaneti, aongeze contrib kwenye faili la sources.list, apige apt update, ndipo asakinishe firmware-b43-installer.