Hataza ya Dawa: Kwa Nini Kidonge Kile Kile Huwa na Bei Mbili

Hataza ni haki anayopewa mvumbuzi na serikali ya kuwazuia wengine kutengeneza au kuuza alichokivumbua bila ruhusa yake. Haki hiyo ina mwisho. Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika mwaka 1995, unataka idumu angalau miaka 20 tangu siku ya kuiomba. Ni mapatano: mvumbuzi anaanika siri yake hadharani, na umma unamwachia soko kwa muda.

Kwenye dawa mapatano haya yana uzito wa pekee, kwa sababu kidonge cha kwanza na cha pili havilingani kabisa kwa gharama. Cha kwanza hubeba miaka ya utafiti na majaribio kwa binadamu, pamoja na hasara ya kemikali nyingi zilizoishia njiani. Cha pili mara nyingi ni senti tu. Mwigaji akiruhusiwa kuingia siku ya kwanza, atauza kwa gharama ya kidonge cha pili, na aliyelipia cha kwanza hatarudisha fedha zake.

Hata hivyo, hataza peke yake haielezi kwa nini bei hupaa sana. Tazama mnunuzi ni nani. Daktari ndiye anayechagua dawa, mgonjwa ndiye anayeimeza, na mara nyingi bima au serikali ndiyo inayolipa. Hakuna mmoja kati yao anayepima bei na faida kwa pamoja kama anavyofanya mnunuzi wa viatu. Na mgonjwa mahututi hawezi kusema atarudi bei ikishuka. Mwaka 2013 kampuni ya Gilead iliingiza sokoni Marekani sofosbuvir, dawa ya homa ya ini aina ya C, kwa dola 84,000 kwa wiki 12, yaani dola 1,000 kwa kidonge kimoja. Gharama ya kiwandani haikuwa ndiyo iliyoamua bei hiyo.

Hataza ikiisha, huingia dawa jeneriki: kemikali ile ile inayotibu, ila jina la kibiashara tofauti au halipo kabisa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1984, inayojulikana kama Hatch-Waxman, ilimwondolea mtengenezaji wa jeneriki mzigo wa kurudia majaribio yote. Anatakiwa kuonyesha kwamba dawa yake inafika kwenye damu kwa kiasi na kasi ile ile. Kadiri wauzaji wanavyoongezeka, ndivyo bei inavyoshuka.

Ushindani huo unaweza kuanza hata kabla ya hataza kwisha, pale ambapo sheria haiitambui. Sheria ya India ya mwaka 1970 ililinda njia ya kutengeneza dawa, si dawa yenyewe, mpaka ilipobadilishwa mwaka 2005. Viwanda vya huko vilijifunza kazi. Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ilitangaza mchanganyiko wa dawa za kufubaza VVU kwa dola 350 kwa mwaka kwa mgonjwa, wakati katika nchi tajiri matibabu hayo yalizidi dola 10,000.

Makampuni nayo hayakai bure. Huomba hataza nyingine juu ya umbo la kidonge, ganda lake au namna ya kumeza. Binafsi, hapo ndipo naona mapatano yanapopindishwa, maana umma unalipa tena kwa uvumbuzi uleule.

Lakini ukiritimba, yaani muuzaji mmoja kulishika soko peke yake, hauhitaji hataza kila wakati. Daraprim, dawa ya toksoplazmosisi (ugonjwa unaoletwa na kimelea), ilikuwa sokoni tangu miaka ya 1950 na hataza yake ilikwisha zamani. Mwaka 2015 Turing Pharmaceuticals ilinunua haki ya kuiuza Marekani, ikapandisha kidonge kutoka dola 13.50 hadi 750. Yeyote aliruhusiwa kuitengeneza, ila wagonjwa wake ni wachache na kibali huchukua muda na fedha, hivyo hakukuwa na mshindani. Jeneriki ya kwanza iliidhinishwa huko mwaka 2020.