"Nililipa elfu tisini tu": Dhana potofu kuhusu bei za magari ya spoti ya zamani

Nimeambiwa tena wiki iliyopita, mara ya tatu mwezi huu: "Fundi, hili gari nililipa elfu tisini tu mwaka 1988. Leo kuna mtu ananipa milioni moja na laki nane. Gari la zamani halina hasara." Aliyesema ni mzee wa Njoro ninayemheshimu sana, na Datsun 240Z yake, gari la spoti la Kijapani, naipenda kuliko gari lolote linaloingia hapa kwangu Nakuru. Ila maneno hayo yananikera, kwa sababu vijana wanayasikia, wanayaamini, kisha wanakwenda kuchukua mkopo wa chama ili wanunue gari lililooza sakafu wakidhani wamewekeza. Kazi yangu ni bodi za magari ya zamani na kuyakadiria bei. Hesabu hii nimeichoka, basi niieleze mara moja.

Dhana: ukitoa bei uliyonunulia kwenye bei unayopewa leo, kinachobaki ni faida.

Ukweli: kinachobaki mara nyingi ni shilingi iliyochoka. Mwaka 1988 dola moja ilikuwa shilingi 17 na senti kadhaa. Elfu tisini za mzee zilikuwa kama dola 5,000. Leo dola inacheza kwenye shilingi 129. Angezibadilisha pesa zile ziwe dola, akazifungia kwenye sanduku na kusahau ufunguo, leo angekuwa na shilingi 650,000 hivi bila kununua hata tairi moja. Na dola nayo haijakaa palepale. Bei za vitu Marekani zimepanda zaidi ya mara mbili na nusu tangu mwaka huo. Kwa hiyo ili mzee arudishiwe nguvu ileile aliyotoa mfukoni, anahitaji dola 13,000 na ushei, yaani shilingi milioni moja na laki saba au zaidi kidogo. Anapewa milioni moja na laki nane. Miaka yote hiyo, gari limesimama pale lilipokuwa.

Watu huniuliza kwa nini napima kwa dola wakati mzee anaishi Njoro na anauza mahindi kwa shilingi. Ni kwa sababu raba za kabureta, gasketi na vioo vya taa vya gari hili haviuzwi kwa shilingi. Mwenye nazo yuko ng'ambo, na bei yake inapanda kila shilingi inaposhuka. Anayetaka kununua gari naye huanza kwa kuangalia bei za ng'ambo. Ukilipima kwa shilingi peke yake, kipimo chenyewe kinafupika mkononi mwako huku ukisema kitambaa kimerefuka.

Hapo bado hatujagusa matumizi. Mzee, Mungu ambariki, ana tabia ambayo wateja wangu wengi hawana: risiti zake zote ziko kwenye mkebe wa biskuti, zimefungwa kwa mpira. Tulizimwaga mezani tukajumlisha kwa simu yake. Injini iliwahi kufunguliwa yote, pistoni na ringi zikabadilishwa. Sakafu upande wa dereva imechomelewa mara mbili. Matairi, breki, rangi, redieta. Jumla ilifika 640,000, tena tukihesabu kila risiti kwa shilingi za siku yake, bila kuipandisha hata kidogo. Bima hatukuitia. Fundi wa mtaani aliyelipwa mkononi bila karatasi hatukumtia. Mzee alinyamaza, akachukua risiti moja ya mwaka 1994 akaisoma mbele na nyuma, kama anayetafuta kosa.

Nilimwambia wazi: hujapoteza, umetumia. Gari hilo limempeleka binti yake arusini, na Jumapili watoto wa jirani hukimbilia uani wakisikia sauti ya silinda sita. Hayo yana thamani, na mtu ana haki ya kuyalipia. Lakini yana kitabu chake, na pesa zina kitabu chake. Ukivichanganya, utamshauri mwanao vibaya. Kwa hiyo nunua daftari leo, hata la kurasa 96. Andika siku uliyonunua gari, ulilipa nini, dola ilikuwa shilingi ngapi siku hiyo, kisha kila senti inayofuata. Wateja wawili tu wamenisikia, na wote wawili waliuza vizuri, kwa kuwa mnunuzi aliona gari limetunzwa na mtu anayejua alichofanya.

Na msidhani bei hupanda tu. Ferrari 250 GTO, ambayo yalitengenezwa magari 36 tu kati ya 1962 na 1964, iliuzwa mpya Marekani kwa dola 18,000 hivi. Miaka michache baadaye ilikuwa gari la mbio lililopitwa na wakati, na wenyewe waliyauza kwa hasara kubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watu walilipa zaidi ya dola milioni 10 kwa moja. Soko likaanguka, na katikati ya miaka ya 1990 ikanunuliwa chini ya milioni 5. Mwaka 2018 nyingine ikauzwa mnadani kwa dola milioni 48.4. Kila mtu ananitajia huo mwisho. Hakuna anayenitajia yule aliyenunua juu akauza chini, na alikuwa na gari lilelile.

Dhana: 240Z iliuzwa Marekani kwa dola 310,000, basi yangu haipungui nusu ya hapo.

Ni kweli iliuzwa, Januari 2020. Ilikuwa ya mwaka 1971, imetembea maili 21,000 na kitu, na haijawahi kukaa karibu na gunia la mahindi. Bei mpya ya gari hilo lilipotoka ilikuwa dola 3,526, ambayo ukiihesabu kwa kupanda kwa bei hadi mwaka huo inafika kama dola 23,500. Iliyobaki yote ililipiwa hali ya gari lile moja. Yako ina usukani wa kulia, namba ya chasisi inaanza na HS30, na Mmarekani anatafuta HLS30, ya usukani wa kushoto. Bei ya mnada ni ya gari lililokuwa mnadani, basi.

Dhana: rangi mpya inaongeza bei.

Kwangu inaipunguza hadi nione kilicho chini. Nina sumaku ndogo niliyoifunga kwa kitambaa ili isikwaruze. Naipitisha taratibu chini ya milango, kwenye matao ya magurudumu, halafu sehemu linapolala tairi la akiba. Penye chuma inashika. Penye fila, yaani rojo la kuzibia mashimo kabla ya rangi, inaanguka kiganjani. Mwezi uliopita niliangalia gari jekundu linalong'aa hadi unajiona nywele, na sumaku ikaanguka mara tatu chini ya mlango mmoja. Kijana alikuwa amelipia rangi 180,000 kabla ya kunionyesha. Nikafungua boneti, nikatoa betri: trei yake ilikuwa imeliwa na asidi hadi unaona lami ya uani. Ningelipewa gari hilo likiwa bado limefifia, pesa zilezile zingechomelea chuma chote. Ndugu zangu, chuma kwanza. Rangi iliyofifia ya kiwandani ina bei kuliko rangi ya juzi.

Dhana: gari hili lilikimbia Safari Rally, yale mashindano ya magari.

Kila 240Z ninayoletewa ilikimbia Safari. Zilizoshinda tunazijua. Mwaka 1971 walikuwa Edgar Herrmann na Hans Schüller. Mwaka 1973 walikuwa Shekhar Mehta na Lofty Drews, waliolingana pointi na Harry Källström katika Datsun nyingine. Gari la ushindi wa 1971 liko Japani, kwenye mkusanyiko wa Nissan wenyewe. Kama lako lilishiriki kwa mtu binafsi, inawezekana kabisa, na litakuwa jambo la kujivunia. Nionyeshe picha yenye namba za usajili, au karatasi ya kuingia mashindano. Stika ya kifaru wa Safari mlangoni siiongezei shilingi.

Dhana: yamebaki machache nchini, kwa hiyo ni ghali.

Machache yasiyotakiwa na mtu ni machache tu. Kanuni ya kutoingiza gari lililozidi miaka 8 imefanya yaliyomo yabaki haya haya, kweli, lakini imefanya vilevile mwenye kuharibikiwa asiweze kuagiza la pili la kutoa spea. Mnunuzi mwenye akili anaipunguza hiyo kwenye bei.

Ukija kukadiriwa, njoo na logbuku, risiti hata zikiwa kwenye mkebe, na gari lililooshwa chini. Juu usihangaike. Namba ya chasisi imepigwa kwenye ukuta wa chuma kati ya injini na abiria. Isugue kwa brashi laini na mafuta ya taa, usitumie msasa, maana nikikuta imesuguliwa kwa msasa nitaanza kukuuliza maswali mengine kabisa.