Je, wajua kwa nini bushi za injini ya vespa hazikazwi ikiwa juu ya stendi?

Kama umekaa Unguja unajua vespa pale si pambo, ni usafiri, mtu anapakia mke na mtoto na mfuko wa mbatata na safari inaenda. Siku moja anaanza kuhisi mkia unayumba kwenye kona kama samaki, akiachia mafuta ghafla anasikia "kok" chini ya siti, basi anakimbilia kununua tairi jipya. Tairi halina kosa masikini. Zilizokufa ni zile raba mbili zinazoishikilia injini kwenye bodi, yaani bushi.

Kwani raba ndogo hivo zinabebaje mzigo wote ule? Lawama mpe Corradino D'Ascanio, injinia wa ndege aliyeichora vespa kwa ajili ya kampuni ya Kiitaliano ya Piaggio, ubunifu wenyewe wakausajili Aprili 1946. Pikipiki nyingi injini imefungwa imara kwenye fremu na mkono unaoshika tairi la nyuma uko peke yake, na cheni inaunganisha. Yeye cheni hakuitaka. Kwa hiyo kwenye vespa ya gia, tuseme modeli ya PX, injini na giaboksi na tairi la nyuma ni kitu kimoja, na hicho kitu kizima ndo kinapanda na kushuka ukiruka tuta. Bushi zina kazi mbili kwa mshahara mmoja: ziwe bawaba ya injini, na zimeze mtetemo wake. Na mtetemo upo, pistoni ni moja tu, injini ikizunguka mara 5000 kwa dakika ina maana pistoni inapanda na kushuka kama mara 83 kila sekunde, bila raba ungefika kazini mikono imekufa ganzi.

Sasa hapa ndo penye utamu. Wengi wetu, na mimi nilikuwemo, tunadhani bushi inazunguka kwenye boliti kama bawaba ya mlango. Haizunguki hata kidogo. Ukiikata utakuta bomba la chuma nje, bomba jembamba ndani, na katikati raba iliyogandishwa kwenye vyuma vyote viwili. Bomba la nje limebanwa ndani ya injini, la ndani boliti inalibana kwenye bodi, yote mawili hayatelezi popote, kwa hiyo injini ikipanda ni raba yenyewe inajisokota, ikishuka inajisokotoa. Chukua ndala uisokote kidogo uiachie, inarudi kama kawaida. Ila ukiisokota ukaifunga kamba ikae hivo hivo miezi, halafu kila siku unaiongezea kuisokota, itachanika tu.

Na ndicho kinachotokea ukikaza nati vespa ikiwa juu ya stendi kubwa. Tairi linaning'inia, shokapu imenyooka mpaka mwisho, ukikaza pale umeiambia raba kwamba hapo ndo mahali pake pa kupumzika. Ukiishusha chini ukakaa, raba imeshasokotwa kabla hata hujawasha, na kila tuta linaongezea. Mi niliwahi kuwekewa bushi mpya na fundi mmoja akakaza kwa nguvu zake zote juu ya stendi, mwaka haukuisha mkia ukaanza tena. Nilipokuja kufungua mwenyewe nikakuta raba imepasuka upande mmoja tu, mpasuko umejikunja kama mwezi mwandamo, upande wa pili bado unang'aa.

Kabla hujanunua kitu lakini, pima. Iweke stendi, shika tairi la nyuma usukume kushoto kulia. Tairi likicheza peke yake na injini imetulia, tatizo ni beringi au nati ya tairi. Injini ikicheza pamoja na tairi, ni bushi.

Kuzibadili nyumbani inawezekana, ni kazi ya siku nzima maana injini inabidi ishuke. Unafungua waya za klachi, gia, breki na mafuta (piga picha kila kitu, utanishukuru), mpira wa petroli, soketi ya umeme, boliti ya chini ya shokapu, weka gogo au jeki chini ya injini ndo uitoe ile boliti ndefu. Kwa hewa yetu ya chumvi itakuwa imeshika kutu, imwagie mafuta ya kulainisha kutu uiache ilale, na ukiigonga rudishia nati mwishoni kwanza usije ukaharibu thredi.

Bushi za zamani usizitoe kwa nyundo, injini ni aluminiamu, ikipasuka pale kwenye sikio linaloshika bushi umenunua injini. Tumia stadi ndefu yenye thredi, nati mbili, wosha nene na kipande cha bomba kipana kuliko bushi, ukikaza nati bushi inavutwa ndani ya bomba taratibu. Kabla hujaivuta pima imechomoza kiasi gani, maana mpya itatakiwa ikae vile vile. Mpya nazo zinaingia kwa stadi hiyo hiyo, pasha injini kwa maji ya moto, paka maji ya sabuni. Grisi na oili weka mbali na raba, zinaifanya ivimbe na kulainika, grisi kidogo paka kwenye boliti tu ili siku nyingine isikusumbue.

Rudisha injini, pitisha boliti, nati ikaze kwa vidole tu. Funga shokapu, shusha vespa kutoka kwenye stendi isimame kwa tairi zake mbili, mwambie mtu akae juu kama anavyoendesha. Mi nilimwita mtoto wa jirani, mwembamba kiasi, ikabidi apakatwe na kaka yake, wakakaa pale wanacheka huku mi niko chini na spana. Hapo ndo unakaza kwa nguvu.