Sindano ya pepopunda kwa mjamzito: ni ya nani hasa?

Sijajikata wala sijakanyaga msumari. Kwa nini kliniki wananichoma sindano ya pepopunda?

Bega ni lako, lakini anayelindwa zaidi ni aliye tumboni. Vijidudu vya pepopunda hukaa kwenye udongo na kinyesi cha mifugo, na huku kwetu Mbeya, kuanzia mashamba ya viazi Uyole hadi migombani Tukuyu, samadi iko kila mahali. Kitovu cha mtoto ni kidonda kibichi. Kikikatwa kwa wembe mchafu, au bibi akikipaka kinyesi cha ng'ombe "kikauke haraka", vijidudu vimeshapata njia. Mtoto ananyonya vizuri siku mbili za mwanzo, kisha anashindwa kukamata titi. Taya limekaza. Ukimgusa tu, mwili mzima unakakamaa. Wengi hatuwaokoi.

Chanjo yake mwenyewe, iliyo ndani ya penta (sindano moja ya kukinga magonjwa matano), anaianza akiwa na wiki 6. Hadi hapo anategemea kinga uliyompitishia kwenye kondo la nyuma.

Zinatakiwa ngapi?

Tano kwa umri wako wote wa kuzaa, si tano kila mimba. Ya kwanza siku unayoanza kliniki, ya pili baada ya wiki 4, na iwe angalau wiki 2 kabla ya kujifungua. Zinazobaki utapangiwa. Moja haitoshi, ndiyo maana mama anayeanza kliniki na mimba ya miezi minane ananiumiza kichwa. Kadi nayo uifunge kwenye nailoni; mvua za Rungwe unazijua, na tarehe zikifutika hatuna pa kuanzia kuhesabu.

Mtaani wanasema inafunga kizazi.

Haifungi. Ndani yake mna sumu ya pepopunda iliyoondolewa makali. Bega litauma, pengine homa kidogo siku moja au mbili. Chanjo tunayoisubirisha mpaka ujifungue ni ya surua na rubela, kwa kuwa ina virusi hai vilivyodhoofishwa.

Nikishachanjwa, bibi anaweza kupaka majivu kitovuni?

Shikamoo nyingi kwa bibi, lakini hapana. Kitovu kiachwe kikavu, na anayemshika mtoto anawe kwa sabuni. Na mtoto aliyekuwa ananyonya akiacha ghafla, msingoje gari la asubuhi. Tafuteni bodaboda usiku huohuo.