Je, wajua kwa nini tinti nyeusi zaidi si lazima ipoze gari zaidi?

Mtu akilipeleka gari jipya kwa fundi wa tinti, ataulizwa namba: 50, 35, 20 au 5? Wengi hujibu kwa macho tu. Wanalitazama gari jingine lililoegeshwa hapo, wanapendezwa nalo, wanasema "nifanyie kama lile". Ukiwauliza sababu, watakwambia jua ni kali na wanataka gari liwe na ubaridi. Basi ni vizuri kujua mapema kwamba ile namba haipimi joto kabisa. Inapima mwanga.

Tinti iliyoandikwa 35 hupitisha asilimia 35 ya mwanga unaoonekana kwa macho na kuzuia asilimia 65 iliyobaki. Namba ikipungua, giza linaongezeka, ndiyo maana tinti ya 5 ni nyeusi tii na ya 70 ni vigumu hata kuitambua. Kwenye pakiti kipimo hicho hufupishwa VLT. Joto lina kipimo chake kingine, nitakifikia.

Kwa nini wa ndani anaona na wa nje haoni

Wapo wanaoamini kwamba karatasi ya tinti ina upande mmoja unaopitisha mwanga na mwingine unaouzuia. Haina. Tinti ya kawaida huzuia kwa kiwango kilekile mwanga ukitoka upande wowote, na tofauti inaletwa na safari ya mwanga wenyewe. Mchana, dereva anapotazama nje, mwanga wa jua ulioangukia mti au mtu barabarani hupita kwenye kioo mara moja tu kabla ya kumfikia. Yule aliye nje anayechungulia ndani anategemea mwanga uliopita kioo mara mbili: umeingia, umegonga uso wa abiria, umetoka tena. Kwa hiyo kwenye tinti ya 35 dereva anapata asilimia 35, na mchunguliaji anapata asilimia 35 ya hiyo 35, yaani kama 12. Kwenye tinti ya 20, dereva anapata 20, mwenzake wa nje anaambulia 4. Juu ya hayo, uso wa nje wa kioo unarudisha taswira ya anga na majengo, na taswira hiyo yenye mwanga mkali hufunika kile kidogo kinachotoka ndani.

Usiku mambo hugeuka. Washa taa ya ndani na wapita njia watakuona, huku wewe ukiona uso wako mwenyewe kwenye kioo.

Hesabu hii ndiyo inayonifanya niamini kwamba watu wengi hununua giza wasilolihitaji. Anayetafuta faragha ya mchana, ili mkoba kwenye kiti cha nyuma usivutie macho au mtoto alale bila kutazamwa, hupata sehemu kubwa ya faragha hiyo kwenye 35. Kushuka hadi 5 kunaongeza faragha kidogo na kunamnyang'anya dereva mengi.

Kioo chenyewe kina giza lake

Kioo kinachotoka kiwandani hakipitishi mwanga wote. Vioo vya milango vyenye rangi hafifu ya kijani, kama vilivyo kwenye magari mengi, hupitisha kama asilimia 75 hadi 80. Ukibandika tinti juu yake, asilimia hizo zinazidishana. Karatasi ya 35 kwenye kioo cha 80 inakupa 28. Karatasi ya 20 inakupa 16. Magari mengi ya familia hutoka kiwandani vioo vya nyuma vikiwa tayari vyeusi, rangi ikiwa imechanganywa ndani ya kioo chenyewe, na hivyo mara nyingi hupitisha asilimia 20 hivi. Mwenye gari akibandika 20 nyingine juu yake anabaki na 4. Alitaka giza la wastani, akaondoka na giza totoro, na pengine hakuna aliyempigia hesabu hiyo.

Sheria nazo huangalia jumla ya kioo na karatasi, si namba ya pakiti. Uingereza, gari lililoanza kutumika kuanzia tarehe 1 Aprili 1985 linatakiwa liwe na kioo cha mbele kinachopitisha angalau asilimia 75, na vioo vya milango ya mbele angalau 70. Vya nyuma havina kikomo. Hapo karatasi ya 70 kwenye kioo cha 80 inakufikisha 56, na tayari umevunja sheria. Marekani kila jimbo lina namba yake: California inadai 70 kwa milango ya mbele, Florida inaruhusu hadi 28. Kwa tofauti kubwa kiasi hicho, ushauri wa rafiki anayeishi kwingine hautakusaidia. Soma sheria ya mahali gari lako linaposajiliwa kabla fundi hajakata karatasi.

Joto linaingiaje basi?

Nishati ya jua inayotufikia ina sehemu tatu. Mwanga tunaouona ni kama asilimia 43. Zaidi kidogo ya nusu ni miale ya infraredi, ambayo jicho haliioni lakini ngozi inaisikia kama joto. Kilichobaki, asilimia chache tu, ni miale ya urujuanimno, yaani UV. Namba ya giza inahusu sehemu ile ya kwanza peke yake.

Ndiyo maana karatasi iliyotiwa rangi tu inaweza kuwa nyeusi kabisa na bado ikaiacha infraredi nyingi ipite. Tena rangi hiyo huuzuia mwanga kwa kuufyonza. Kioo kinapata moto, na sehemu ya moto huo inarudi ndani. Adhuhuri, sogeza kiganja karibu na kioo cha namna hiyo bila kukigusa, utausikia. Baada ya muda karatasi hizo hupauka na kugeuka zambarau, na bila shaka umeshaziona barabarani.

Karatasi za seramiki zina chembe ndogo mno zinazozuia infraredi huku zikiacha mwanga upite. Seramiki nzuri ya 70, ambayo ukiitazama utadhani kioo ni kitupu, inaweza kuzuia joto kuliko karatasi ya rangi ya 20. Za metali hulirudisha jua nje vizuri, ila metali husumbua mawimbi: redio, GPS, simu, hata ufunguo wa rimoti. Gari jipya limejaa vifaa vinavyotegemea mawimbi, kwa hiyo mimi nisingeipendekeza. Za kaboni ziko katikati. Hazipauki haraka na hazigusi mawimbi.

Kipimo cha kuuliza kuhusu joto huandikwa TSER, nacho ni kiasi cha nishati yote ya jua kinachozuiwa. Muuzaji akikutajia namba kubwa ya infraredi peke yake, mrudishe kwenye TSER, kwa sababu namba ile mara nyingine hupimwa kwenye kipande kidogo tu cha miale ya infraredi. Na hata ukichagua bora kuliko zote, gari lililofungwa na kuachwa juani litachemka, litachelewa tu kidogo. Mtoto asiachwe ndani kwa kuaminia tinti.

Ngozi haihitaji giza

Kioo cha mbele huundwa kwa tabaka mbili zilizoshikanishwa na plastiki katikati, na plastiki hiyo huzuia karibu UV yote. Vioo vya milango kwa kawaida ni tabaka moja. Mwaka 2016 jarida la JAMA Ophthalmology lilichapisha vipimo vya magari 29 ya watengenezaji 15. Vioo vya mbele vilizuia kwa wastani asilimia 96 ya UVA, ile miale inayopenya ndani ya ngozi. Vioo vya upande wa dereva vilizuia kwa wastani 71, na kuna vilivyoshuka hadi 44.

Miaka minne kabla, mwaka 2012, New England Journal of Medicine ilichapisha picha ya dereva wa lori wa Marekani mwenye umri wa miaka 69, aliyefanya kazi hiyo kwa miaka 28. Upande wa kushoto wa uso wake, uliokuwa ukielekea dirishani, ngozi ilikuwa nene yenye mikunjo mirefu inayoning'inia. Upande wa kulia ungedhani ni wa mtu mwingine, mdogo kwake. Ukiiona picha ile hutalichukulia dirisha la mlango kwa wepesi tena. Jambo la kutia moyo ni kwamba karatasi nyingi zilizo bora huzuia kama asilimia 99 ya UV, zikiwemo zile zisizo na rangi yoyote.

Usiku ndio mtihani

Adhuhuri isiyo na wingu ina mwanga wa kama luksi 100,000, luksi ikiwa kipimo cha mwanga unaoangukia mahali. Barabara yenye taa usiku inaweza kuwa na luksi 10 tu. Kioo kinachopitisha asilimia 28 kinakuachia luksi 28,000 mchana, nyingi kupita haja ya jicho. Usiku kinakuachia chini ya 3.

Jiweke kwenye usukani, usiku, kwenye makutano yasiyo na taa, mvua ikinyunya. Kioo cha mbele ni cheupe, taa zako zinamulika barabara, unajiambia tinti haina tatizo. Sasa unataka kukata kona. Kule unakoelekea taa zako bado hazijafika, na unakutazama kupitia kioo cha mlango chenye matone ya maji. Mtu anayevuka kule akiwa na nguo nyeusi anaonekana kwa mwanga mdogo wa mbali, nawe umeukata mwanga huo hadi karibu robo. Halafu kuna saitimira. Ziko nje ya gari, ndiyo, lakini unazitazama kupitia vioo vya milango ya mbele. Ukivitia giza vioo hivyo, umezitia giza saitimira zote mbili, na mwendesha baiskeli asiye na taa anayekuja ubavuni anatoweka humo.

Wapo wanaosema tinti inawasaidia dhidi ya taa kali za magari mengine. Ukali unapungua, ni kweli, lakini kila kitu kingine kinapungua kwa kiwango kilekile, na wa kwanza kupotea ni yule aliyekuwa haonekani vizuri tangu mwanzo.

Umri nao una neno. Retina ya mtu wa miaka 60 hupokea kama theluthi moja ya mwanga unaofika kwenye retina ya kijana wa miaka 20, kwa kuwa mboni inakuwa ndogo na lenzi ya jicho inaingia umanjano. Kijana anayechagua tinti ya gari ambalo mama yake pia ataliendesha anamchagulia giza ambalo yeye mwenyewe hawezi kulihisi. Hapa naomba watu wawe na huruma kweli kweli.

Viwango vinavyotumika kwa miwani ya jua vinasema lenzi inayopitisha chini ya asilimia 75 haifai kuendeshea usiku. Ukilinganisha na zile 70 na 75 za sheria za vioo, utaona zote zinazungukia palepale, maana jicho ni lile lile. Tena miwani unaivua jua likizama. Karatasi ya tinti unabaki nayo.

Kwa hiyo uchague ipi?

Nikiulizwa, milango ya mbele ningeiwekea seramiki nyepesi kadiri inavyopatikana, 70 au zaidi pale sheria inaporuhusu, kwa ajili ya joto na UV. Milango ya nyuma, wanakokaa watoto na mizigo, 35 inatosha. Anayetaka giza zaidi aende 20 iwapo kioo cha kiwandani ni cheupe. Kama vioo vya nyuma vimetoka kiwandani vikiwa vyeusi, usiongeze giza: weka karatasi isiyo na rangi inayozuia joto. Kioo kikubwa cha nyuma usikisahau, kwani kioo cha kutazamia nyuma kilicho ndani kinakitegemea. Huko mimi nisingeshuka chini ya 35, hata kwa gari lenye kamera ya kurudi nyuma, kwa sababu kamera hiyo inakusaidia unaporudi tu, haikuonyeshi anayekukimbilia mkiwa mwendoni.

Kabla ya kukubali, mwombe fundi vipande vya sampuli na usivijaribu mchana. Nenda navyo garini jioni giza likiingia, kaa kwenye kiti cha dereva, mtu akishikize kipande kwenye kioo cha mlango, kisha itafute saitimira. Mwombe pia akipime kioo kitupu kwa kile kifaa kidogo cha kupimia mwanga, na akipime tena baada ya kubandika, ili uijue jumla yako halisi.

Karatasi hubandikwa kwa maji yenye sabuni kidogo, na maji hayo huchukua siku hadi wiki kadhaa kukauka kabisa kutegemea hali ya hewa. Ukungu na vilengelenge vidogo vya maji siku za mwanzo ni kawaida, usivibonyeze kwa kidole. Vioo visiteremshwe kwa siku 3 hadi 5, na usivisafishe kwa dawa yenye amonia. Mwezi ukiisha na bado kuna lengelenge au ukingo ulioinuka, rudi kwa fundi akubadilishie kioo hicho karatasi.