Tumbawe jeupe si lazima liwe limekufa

Watu wengi wa Nairobi wakirudi kutoka Diani au Watamu husema wameona matumbawe meupe, "yale yaliyokufa". Wengine huyakanyaga bila wasiwasi, na hapo ndipo madhara huanzia.

Tumbawe ni kundi la wanyama wadogo waitwao polipu, waliojenga mifupa ya chokaa. Ndani ya nyama yao huishi mwani wa chembe moja, unaowapa rangi na sehemu kubwa ya chakula. Maji yakizidi kiwango cha kawaida cha miezi ya joto kwa digrii 1 tu, kwa wiki kadhaa, mwani huo hutolewa. Nyama hubaki, ila ni angavu, na weupe unaouona ni mfupa ulio chini yake.

Tazama kwa karibu bila kugusa. Lililopauka bado lina ngozi laini na midomo midogo ndani ya vikombe vyake, pengine na minyiri inayojikunja. Lililokufa halina nyama, na halichukui muda kufunikwa na utando wa mwani wa kijani au kahawia.

Joto likishuka mapema, mwani hurudi. Mwaka 1998 joto lilidumu, na matumbawe mengi ya pwani ya Kenya hayakupona. Kwa mnyama aliyekaa na njaa, unyayo mmoja hupasua nyama na kukaribisha maradhi.