Badiliko la kweli katika kipimo cha Berg ni lipi?

Kipimo cha Berg kilitungwa Kanada na Katherine Berg na wenzake, kikachapishwa mwaka 1989. Kinapima jinsi mtu anavyoweza kujiweka sawa asianguke. Kina vitendo 14, kama kuinuka kitini, kusimama macho yakiwa yamefumbwa na kuokota kitu sakafuni. Kila kitendo hupewa alama 0 hadi 4, jumla 56. Sasa tuseme mzee alipata 38 mwezi uliopita, leo ana 41. Amepata nafuu?

Kwa namba hizo peke yake, hatuwezi kudai hivyo. Chukua kitendo cha kusimama kwa mguu mmoja: anayehimili sekunde 5 hadi 10 hupata alama 3, anayepita 10 hupata 4. Aliyetoka sekunde 9 hadi 11 ameongeza alama. Aliyetoka 5 hadi 9, ambaye maendeleo yake ni makubwa zaidi, hakuongeza kitu. Ongeza hapo usiku wa kukosa usingizi, dawa ya ugonjwa wa Pakinsoni iliyoishiwa nguvu saa ya kupimwa, mpimaji mwingine mwenye jicho kali, au mgonjwa aliyekwisha kuzoea vitendo vyenyewe. Alama mbili tatu hupanda na kushuka bila mwili kubadilika.

Ndiyo sababu wataalamu hutumia dhana ya badiliko dogo kabisa linalotambulika, yaani tofauti ambayo ni vigumu kuieleza kwa yumbayumba ya kipimo tu. Watafiti Donoghue na Stokes walikokotoa kiwango hicho kwa wazee mwaka 2009, kwa uhakika wa asilimia 95. Aliyeanza na 45 hadi 56 anahitaji tofauti ya alama 4. Wa 35 hadi 44, alama 5. Wa 25 hadi 34, alama 7. Na aliye chini ya 25, alama 5. Kwa hiyo mzee wetu wa 38 angehitaji kufika 43. Viwango hivi ni vya wazee. Mgonjwa wa kiharusi asipimwe navyo kibubusa.

Hesabu hiyo ina tundu moja ambalo ni rahisi kulisahau. Aliyeanza na 53 hawezi kuonyesha ongezeko la alama 4, kwa kuwa kipimo kinaishia 56. Huyo apimwe kwa njia nyingine, kwa mfano kasi ya kutembea, jambo ambalo Berg hailigusi kabisa.

Tena, badiliko linalotambulika si lazima liwe lenye faida. Alama 5 zinaweza kutawanyika kwenye vitendo vitano bila maisha ya nyumbani kubadilika. Nyingine mbili tu, zikiwa kwenye kuinuka kitini na kuhamia kiti kingine, zinaweza kumwezesha mtu kwenda chooni bila kushikwa mkono. Mimi ningeomba karatasi yenye alama za kila kitendo, saa aliyopimwa na jina la mpimaji, kabla ya kuitazama jumla.